Kabla hujahamisha kurasa za tovuti, orodhesha anwani zake za zamani

Wadogo zangu mnaoanza kazi za TEHAMA hapa Dodoma, kazi ya kuhamisha tovuti mtaikuta mapema. Joomla na Drupal ni mifumo ya kuendeshea tovuti. Joomla 3 iliacha kuhudumiwa na watengenezaji wake Agosti 2023, Drupal 7 ikafuata Januari 2025, kwa hiyo aliyebaki huko lazima ahame.

Mtaambiwa habari na matangazo yamo kwenye hifadhidata, yatahama yenyewe. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ila kurasa za HTML ambazo mtu aliziandika kwa mkono miaka mingi iliyopita hazimo humo. Zimelala kwenye folda za seva, hazionekani hata kwenye menyu, na bado kuna watu wanazitegemea.

Mimi nilijifunza kwa mzee mmoja aliyepanda gari kutoka Chamwino mpaka ofisini kwetu. Alikuwa na karatasi aliyonakili anwani kutoka kwenye tangazo la ubaoni, herufi kwa herufi, ikiishia na Fomu_Maombi.html. Kijana wa steshenari aliijaribu mara tatu, kila mara ikaja 404, yaani ukurasa haupatikani. Fomu ilikuwepo, ila nilikuwa nimeipa anwani mpya nzuri na ile ya zamani nikaiacha ife. Nilimchapia fomu yake, nikamwomba radhi, nikakaa kuweka uelekezaji, yaani agizo kwa seva limpeleke anayefungua anwani ya zamani kwenye ile mpya. Bado ikagoma! Seva yetu ya zamani ilikuwa ya Windows, haijali herufi kubwa na ndogo. Mpya ni ya Linux, inajali, na mimi nilikuwa nimeandika fomu_maombi.html. Tangazo lililobandikwa ukutani huwezi kulihariri, kwa hiyo seva ndiyo inayopaswa kulifuata.

Kwa hiyo anza na orodha, kabla hujagusa kitu. Ingia kwenye seva, toa majina ya faili zote za HTML na PDF, kisha soma kumbukumbu za seva za miezi kadhaa uone zipi zinafunguliwa. Tengeneza jedwali la safu mbili: anwani ya zamani, anwani mpya. Kila mstari uwekee uelekezaji wa 301, unaosema ukurasa umehama kwa kudumu. 302 husema umehama kwa muda tu. Na tafadhali, usielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Aliyefuata fomu ukimtupa pale, hajui aanzie wapi.

Maandishi nayo yasome kwa macho yako. Kiswahili hakina herufi nyingi za ajabu, lakini tuna king'ong'o, ile ng' yenye alama juu, na alama hiyo iliyonakiliwa kutoka Word huharibika kirahisi pale faili iliyohifadhiwa kwa UTF-8 inaposomwa kwa usimbaji mwingine, yaani njia nyingine ya kompyuta kuhifadhi herufi. Mimi nilikuta kata ya Chang'ombe imegeuka Changâ€™ombe kurasa nzima. Rekebisha usimbaji wenyewe, usihangaike kufuta alama moja moja.

Ukurasa wa mawasiliano uangalie mara mbili. Ofisi nyingi zilitoka Dar es Salaam kuja Dodoma baada ya 2016, nyingine zikatoka mjini kwenda Mji wa Serikali wa Mtumba, na kurasa za zamani hubaki na jengo la zamani na simu ya mezani isiyopokelewa. Usibadilishe kwa kukisia, mpe mwenye ukurasa athibitishe kwa maandishi.

Seva ya zamani msiifute haraka. Chukueni nakala rudufu, mjaribu kuirudisha mahali pengine muone kama inafunguka.

Siku ya kuwasha tovuti mpya, zima Wi-Fi ya ofisi kwenye simu yako, tumia bando lako, maana mtandao wa ndani unaweza kukuonyesha kisichoonekana nje. Fungua anwani za zamani moja moja kutoka kwenye jedwali, kwa herufi zilezile zilizoandikwa kwenye matangazo. Mimi huanza na ile ya mzee wa Chamwino.