Ukuta wa mita 3 unasukumwa kwa nguvu kiasi gani?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nasomea usanifu majengo hapa Kampala na mtihani wa miundo umekaribia. Tumepewa ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha mita 3. Nyuma yake ni mchanga mkavu wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano nyuzi 30, juu pako tambarare. Nimezidisha 18 kwa 3 nikapata 54, lakini jibu la mwalimu ni 27. Nigawanye kwa mbili tu?

Jibu: Marahaba. Usigawanye kwa mbili, tafadhali. Hapa imepatana kwa bahati tu. Ukuta ungekuwa wa mita 4, njia hiyo ingekupa 36 wakati jibu ni 48.

Hiyo 54 ni shinikizo la kwenda chini, kwenye kina cha mita 3, kwa kilopaskali (yaani kilonyutoni kwa mita ya mraba). Chembe za mchanga zinashikana kwa msuguano, kwa hiyo ni sehemu tu ya uzito huo inayosukuma pembeni. Kwa kanuni ya mhandisi Rankine ya mwaka 1857, sehemu hiyo ni 1 kutoa sini ya pembe, kugawanya kwa 1 kujumlisha sini. Sini ya nyuzi 30 ni 0.5, basi 0.5 kugawanya kwa 1.5 ni theluthi. Theluthi ya 54 ni kilopaskali 18.

Hilo ni shinikizo la chini kabisa. Juu ni sifuri, kwa hiyo chora pembetatu. Eneo lake, nusu ya 18 mara 3, ndilo 27: kilonyutoni kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Nguvu hiyo inasukuma kwenye theluthi ya kimo, mita 1 kutoka chini. Wengi huiweka katikati, na hesabu yote ya kupinduka inaharibika.

Sasa maji. Niliwahi kuitwa kwenye ukuta uliopinda huko mlimani Muyenga, baada ya mvua za Aprili. Fundi alikuwa amepiga plasta nzuri, akaziba matundu yote ya kutolea maji. Kwenye ukuta wako, maji yakijaa hadi juu, yenyewe peke yake yanasukuma kilonyutoni 44 kwa mita, na udongo bado una sehemu yake. Kwa hiyo swali likitaja maji, chora pembetatu mbili, na ya maji usiizidishe kwa ile theluthi: maji hayana msuguano.