Majirani wa frem wanasengenya: nijitenge nao?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina frem ya vitambaa Kariakoo. Majirani zangu ni watu wa kusaidiana, lakini kahawa ya jioni ikishamiminwa, ni kumteta fulani na kulia hali ngumu mpaka tunafunga. Nikifika nyumbani najikuta namwagia mke wangu yaleyale. Nikiwakwepa, sitakuwa nimewahama ndugu zangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Frem usihame. Katika Suratul An'aam, aya ya 68, Mtume (s.a.w.) aliamrishwa ajitenge na wanaozikejeli aya za Mwenyezi Mungu mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Aya inahusu kejeli kwa dini, ila wanachuoni wameitumia kwa vikao vya batili kwa jumla. Tazama hiyo "mpaka": unachokikimbia ni maneno, na maneno yakibadilika unarudi kwenye benchi lako.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa sahaba Abu Musa al-Ash'ari, rafiki mwema na rafiki mbaya wamefananishwa na muuza miski (manukato) na mvukuta moto wa mhunzi. Wa kwanza atakupa, au utanunua, au utaondoka na harufu nzuri. Wa pili atakuunguzia nguo, au utapata harufu mbaya. Wewe muuza vitambaa unalijua hili: jora lililokaa jirani na jiko la mishikaki halijaungua popote, lakini mteja akilinusa tu analirudisha. Hayo unayommwagia mkeo ndiyo huo moshi.

Wakianza kumteta mtu, kwanza geuza maneno: uliza bei ya mzigo mpya. Wakirudi palepale, mtetee asiyekuwepo kwa sentensi moja tu. Wakiendelea, inuka ukapange majora. Wengi hukosea hapa. Hunyamaza huku wakitabasamu, na tabasamu hilo msemaji hulihesabu kuwa kibali. Wengine huondoka na hotuba, kesho wakawa wao ndio mada.

Kuhusu kuhamana, kilichokatazwa ni kumsusa Muislamu mwenzako zaidi ya siku tatu, na mbora ni anayeanza salamu. Basi kila asubuhi anza wewe. Jirani akiugua kamtazame, akifiwa nenda msibani.

Jirani akikuuliza kama mteja fulani analipa madeni, huo ni ushauri, si kusengenya. Sahaba wa kike Fatima bint Qays alipotaka ushauri kuhusu wachumba wawili, Mtume (s.a.w.) alimtajia aibu zao waziwazi. Jibu kinachohusu deni. Ndoa yake iache.

Na uliowasengenya tayari? Tubu, waombee, na uwataje kwa wema palepale ulipowataja kwa ubaya. Kama habari haijawafikia, wanachuoni wengi, akiwemo Ibn Taymiyya, wameona usiende kuwaeleza, maana utawasha ugomvi ambao haukuwepo. Mkeo je? Naye alisikia, kwa hiyo wema huo nao aanze kuusikia yeye.

Wallahu a'lam.