Uliza Mwalimu: Mama anasema kutaka ushahidi ni dhambi

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote ni za imani na miujiza, nadhani sababu ni lile jibu langu la toleo lililopita niliposema mtu akisimama kanisani kushuhudia amepona ugonjwa si vibaya kumuuliza vipimo vinasemaje. Wapo walionishukuru, wapo walionitukana, na kuna ndugu mmoja wa Sanya Juu ameniita Farisayo, asante ndugu nimepokea. Nimechukua barua nne.

Shikamoo Mwalimu. Mi ni kijana wa miaka 22 nakaa Ngaramtoni, nasoma chuo hapa Arusha. Nyumbani tumelelewa kwenye wokovu kabisa. Juzi tukiwa tunakula nilimuuliza mama tunajuaje kwamba Yesu alifufuka kweli, akanyamaza mpaka chakula kikaisha, usiku nikamsikia analia anaomba ati pepo la mashaka linitoke. Toka siku hiyo naogopa hata kufungua mdomo. Kutaka ushahidi ni dhambi? Na kuna mshkaji chuoni ananiambia hii kesi David Hume alishaimaliza kitambo. Kijana wa Ngaramtoni.

Marahaba mwanangu. Mama usimkasirikie, yeye hakusikia swali, alisikia mwanae anaondoka nyumbani. Mpe muda, halafu siku moja mwambie mama mi bado naomba ila nauliza pia, utaona.

Ila dhambi hapana. Watu huwa wanamtaja Tomaso, yule mwanafunzi wa Yesu aliyesema hasadiki mpaka aguse majeraha, eti Tomaso mwenye mashaka, mi naonaga amekuwa akionewa miaka yote hii. Soma Luka 24, wanawake walipotoka kaburini wakawaambia mitume habari, maneno yao yalionekana kama upuzi, hawakuwasadiki. Wote! Peter na wenzake wote walikuwa Tomaso asubuhi ile, tofauti ni kwamba wao jioni walikuwepo ndani na mwenzao hakuwepo. Na Yesu alipokuja wiki iliyofuata hakumfukuza wala hakumkemea pepo, alimwambia lete kidole chako hapa. Alimpa kile kile alichoomba. Ndiyo baadaye akasema wa heri wale wasioona wakasadiki, lakini kwanza alimwonyesha, watu wengi wanaruka hapo wanakimbilia mstari wa mwisho.

Halafu kuna Paulo, 1 Wakorintho 15, anataja waliomwona Yesu, Kefa ndiye Peter, wale Thenashara yaani wale mitume kumi na wawili, halafu ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, na anaongeza kitu ambacho kwa mtu wa kwetu kinaeleweka haraka sana, anasema wengi wao wanaishi hata sasa. Barua ile iliandikwa kama miaka 20 na kitu baada ya tukio. Ni sawa na kesi ya kihamba, shamba la ukoo, mtu anakwambia mpaka wangu unaishia kwenye lile sale pale, ule mmea wa mpakani, na wazee waliokuwepo likipandwa wako hai, nenda kawaulize. Mtu anayeogopa maswali haongei hivyo.

Sasa je, hiyo inathibitisha? Nisikudanganye, hapana, sio kama hesabu. Ujana wangu kabla sijaanza kufundisha nilibeba mizigo mlimani Kilimanjaro, nilikuwa mgumu, yaani mpagazi, misimu mitatu. Mgeni anayejielewa akifika getini anamuuliza kiongozi wake wa mlima maswali yote, leseni iko wapi, umepanda mara ngapi, mtu akizidiwa tunamshushaje. Na yuko sahihi, asiyeuliza ndiye anayekuja kushushwa kwa machela. Ila usiku wa kileleni mnatoka kambi ya Kibo kwenye saa sita usiku, giza, baridi inakata masikio, huoni Gilman's, ile pointi ya juu, iko wapi, unachoona ni tochi ya mtu wa mbele yako na visigino vyake. Pale leseni haikusaidii kitu tena, ni unamfuata au humfuati. Na aliyeuliza maswali getini anamfuata vizuri zaidi kuliko yule aliyekuja kichwa kichwa, nimewaona wote wawili. Waebrania 11 inaposema imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana mi naisoma hivyo, ni habari ya ule usiku, haikatazi maswali ya getini.

Kuhusu Hume, huyo Mskoti aliandika mwaka 1748 kwamba ushahidi wa mtu hautoshi kuthibitisha muujiza mpaka iwe uongo wa huyo shahidi ni muujiza mkubwa zaidi ya muujiza wenyewe. Nakubaliana naye nusu. Ukiletewa klipu ya wasap mtu kafufuka Jumatano, ndiyo, tumia Hume, jiulize kipi ni rahisi, maiti kuamka au mtu kudanganya. Lakini yeye anaanza kwa kusema mambo ya asili hayajawahi kuvunjika kwa sababu hakuna anayeaminika aliyeona, na hakuna anayeaminika kwa sababu mambo hayo hayavunjiki, sasa huo ni mduara mwanangu, kesi imehukumiwa kabla shahidi hajapanda kizimbani. Mwambie mshkaji wako hivyo halafu mnunulie chai, usimtukane. Peter mwenyewe amesema tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza ila kwa upole.

Habari Mwalimu. Mi nipo Pasua hapa Moshi. Mdogo wangu anatumia dawa za ARV toka 2014 na alikuwa vizuri tu amenenepa anafanya biashara yake Mbuyuni. Mwezi wa tatu akaenda kwenye maombezi, akaambiwa umepona, na akaambiwa ukiendelea kumeza maana yake huamini. Kaacha dozi. Sasa hivi anakohoa, amekonda, nikimgusia anasema dada wewe huna imani. Naogopa kupigana na Mungu lakini naogopa zaidi kumzika mdogo wangu. Dada Mkubwa.

Dada yangu, weka gazeti chini kwanza. Wiki hii, sio wiki ijayo, mpeleke CTC, ile kliniki anakochukulia dawa. Usisubiri akubaliane na wewe mambo ya imani, hayo mtaongea njiani. Mtu akiacha ARV virusi vinaamka na kuzaana tena, na akiacha na kurudi rudi vinaweza kuzoea dawa zikawa hazifanyi kazi, ndiyo maana arudishwe na daktari sio ajirudishe mwenyewe na vidonge vilivyobaki kabatini. Na kikohozi hicho wamwambie, watataka kumpima TB.

Kuna kitu kimoja watu wengi hawakijui na ndicho kinachozaa shuhuda nyingi za huku kwetu. Mtu akimeza dozi vizuri anapima wingi wa virusi anaambiwa havionekani. Havionekani haina maana havipo! Vimejificha mwilini, dawa imevifunga. Sasa mtu kaombewa Jumapili, kapima Jumanne, karatasi inasema havionekani, anapanda madhabahuni analia kwa furaha, na wala hadanganyi, yeye kasoma alichoandikiwa. Ndugu zangu wachungaji mnaosoma gazeti hili, kabla hamjampa mtu kipaza sauti muulizeni, hicho kipimo ulipima ukiwa bado unameza?

Sisi wa kanda hii tulitakiwa tuwe tumeshajifunza. 2011 nani hakwenda au hakupeleka mtu Samunge, Loliondo? Marehemu mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu, mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, kikombe shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga ambayo alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha, na watu walikunywa kwa UKIMWI, kisukari, kansa, presha, kila kitu. Magari yalikuwa foleni kilomita na kilomita, wapo waliofia njiani humo humo kwenye foleni. Mi simsemi vibaya yule mzee, shilingi 500 sio bei ya tapeli. Mimi mwenyewe nilimpeleka shangazi yangu, tukalala porini siku nne kwenye Land Rover ya kukodi, akanywa, akarudi ameacha sindano za sukari, na mpaka tunamrudisha hospitali mguu ulikuwa umeshaharibika. Aliyesema tusubiri kidogo tuone dawa ya Babu ni mimi. Kwa hiyo ninavyokwambia wiki hii nina sababu yangu.

Na hilo neno kwamba kumeza dawa ni kutoamini, muulize aliyelisema limeandikwa wapi. Mfalme Hezekia aliomba akilia, nabii Isaya akamletea ahadi ya kupona, halafu Isaya huyo huyo akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu, 2 Wafalme 20. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, hakumwambia una upungufu wa imani. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Na Yesu alipomtakasa yule mkoma, Marko 1, alimwambia enenda ukajionyeshe kwa kuhani, na kuhani wa Walawi kazi yake ilikuwa kukagua ngozi, siku saba unatengwa, unakaguliwa tena, ndiyo kipimo cha enzi zile. Muujiza wa kweli ulipelekwa kupimwa na aliyeufanya.

Kwa hiyo mwambie hivi, mdogo wangu mi sijasema Mungu hawezi, twende tukajionyeshe. Siku daktari atakaposema huyu dozi basi, sadaka ya shukrani nalipa mimi, na mbuzi juu. Mpaka hapo anameza. Akikataa kwako tafuta mtu anayemheshimu, mama mchungaji mwenye busara wapo wengi tu, au yule nesi aliyemzoea toka mwanzo.

Mi naandika hivi kwa ukali kidogo kwa sababu sisi Moshi tunajua. Tarehe 1 Februari 2020 pale Uwanja wa Majengo watu 20 walikufa kwa kukanyagana, walikuwa wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na wengi walienda kwa shida kama hizi hizi, mtoto mgonjwa, ndoa, biashara imekwama. Sina neno la kuongeza hapo.

Mwalimu, mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Ulisema vipimo. Mbona sisi tuna Lourdes na miujiza imethibitishwa? Au na hiyo huikubali?

Naikubali utaratibu wake kuliko unavyodhani. Lourdes kule Ufaransa, Bernadette alisema amemwona Bikira Maria mwaka 1858, na toka 1883 kuna ofisi ya madaktari wanaopokea watu waliodai kupona, na daktari yeyote akiwepo pale anaruhusiwa kuangalia mafaili, hata asiyeamini. Wamepokea kesi zaidi ya 7,000. Mpaka 2018 zilizokubaliwa na Kanisa kuwa miujiza zilikuwa ngapi? 70. Sista mmoja Mfaransa alipona 2008, ikachukua miaka 10 kuchunguza ndiyo askofu akatamka. Na madaktari wenyewe hawasemi muujiza, wanasema tu sayansi ya sasa haina maelezo, neno muujiza ni la askofu. Mi ni Mlutheri na habari za kutokewa nawaachia wenyewe, ila ule uvumilivu wa miaka 10 natamani ungefika huku kwetu tunakotangaza kabla mtu hajashuka jukwaani.

Mwalimu unazunguka sana. We mwenyewe umewahi kuona muujiza, ndiyo au hapana? Mpenda Ukweli, Himo.

Umenibana bwana. 1996 binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu, malaria ilimpanda kichwani, degedege, hajitambui siku mbili. Walimwekea dripu ya kwinini. Usiku wa pili daktari alinigusa bega akaniambia mwalimu jiandaeni, na mimi nikatoka nje nikapiga magoti kwenye nyasi nyuma ya wodi, niliomba kama sijawahi kuomba na sijaomba hivyo tena. Alfajiri nikamsikia anaita mama yake, anataka uji.

Ni kwinini? Ni Mungu? Mi nimeshukuru kwa vyote viwili miaka yote hii, huyo binti sasa ana watoto wake. Lakini kitanda cha jirani, karibu hivi unaweza kunyoosha mkono ukagusa, kulikuwa na mama wa Rombo na mtoto wake wa kiume, ugonjwa ule ule, dripu ile ile, na yule mama aliomba kuliko mimi, nilimsikia usiku kucha. Wake hakuamka. Asubuhi wakati sisi tunampoozea wetu uji yeye alikuwa anakunja kitenge.

Wameniambia mara nyingi kanisani nisimame nishuhudie habari ya binti. Sijawahi. Kila nikitaka kunyanyuka naangalia kwanza mabenchi ya nyuma kama yupo.