Mageuzi ya 2019 hayajagusa penye uchungu

Unasema IOC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilishamaliza tatizo la gharama kwa miji inayotaka kuandaa Olimpiki, 2019 ilipoacha kuishindanisha hadharani. Kwenye gharama za kampeni, nakubali. Ila usiri umezidi: Brisbane, Australia, ilipigiwa kura 2021 kuandaa Michezo ya 2032 ikiwa peke yake, 72 ndiyo, 5 hapana, baada ya mazungumzo ya faragha.

Na dhamana ya hasara je, yaani ahadi ya mji kulipa hasara ya Michezo? Mwaka 2015 meya wa Boston alikataa kuahidi kwamba fedha za walipakodi zitaziba pengo la bajeti, ombi la Boston la kuandaa Olimpiki likafa siku hiyohiyo. Los Angeles imeibeba dhamana hiyo kwa Michezo ya 2028. Mimi ningeanzia hapo: IOC, inayochukua pesa za televisheni, ibebe sehemu ya hasara, na wakazi wapige kura kabla ya saini, kama walivyopiga wa Hamburg, Ujerumani (walikataa, by the way ni haki yao).