Jibu: Chanjo ya surua na miezi 9
Dada wa Ujiji, umeuliza kwa nini kliniki wanataka mwanao afikishe miezi 9 ndipo achanjwe surua. Hawakuzungushi. Ulipokuwa mjamzito, kingamwili zako, yaani protini za damu zinazopambana na vimelea vya magonjwa, zilipita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto. Zina umbo la Y; zile ncha mbili za juu hunasa kirusi kabla hakijaingia kwenye seli, kisha chembe nyeupe za damu hukimeza. Shida ni kwamba hazibagui: hata kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo zinakidaka, mwili wa mtoto ukakosa nafasi ya kujifunza kutengeneza zake. Kufikia miezi 9 za kwako zimeshapungua sana. Chanjo ya pili, ile ya miezi 18, nayo usiiruke, maana wapo ambao ya kwanza haikushika.