Pishi ya babu na swali lenu la nguzo

Asalaam alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii, "Katika nguzo tano za Uislamu, ipi nzito kwako kuitekeleza?", nimelisoma ndani ya daladala nikienda Wete, huku Pemba, nikapitilizwa kituo. Kwa hivo lazima nijibu.

Majibu ya wengi nayajua kabla hamjayachapa. Mmoja atasema hija, pesa zinapatikana wapi. Mwengine saumu, hasa ikiangukia kaskazi kama miaka hii, koo linakauka saa nne asubuhi. Walobaki wote watasema sala ya alfajiri. Sawa, siwalaumu. Lakini sidhani kama kuna atakaesema zaka, na hapo ndo mmenigusa, maana sie zaka hatuioni nzito kwa sababu hata kuinyanyua hatujainyanyua.

Huku kwetu ukitaja zaka mtu anafikiria fitri. Usiku wa kuamkia Idi kila nyumba mchele pishi moja kwa kila kichwa, mpaka kichanga kilichozaliwa jana, unampelekea jirani kabla watu hawajasali Idi, jirani nae anakuletea wake, mchele umezunguka mtaa mzima umerudi nyumbani na mtu anajiona keshamalizana na Mola wake mpaka mwakani. Ile fitri, jamani! Zaka ya mali ni nyengine. Ukiwa na thamani ya dhahabu gramu 85 na ikakaa mkononi mwako mwaka mzima wa Kiislamu, unatoa moja katika arubaini. Qur'ani inaitaja ubavuni mwa sala, simamisheni sala na toeni zaka, mara hii na mara ile, na Sayyidna Abubakar alipokamata ukhalifa mwaka 632 aliwapiga vita watu waliosema kusali tutasali ila zaka hatutoi. Aliwapiga vita. Na sie tuna mtu ana nyumba tatu za kupangisha mjini, pesa zake zimelala benki mwaka wa ngapi, Ramadhani anagawa tende paketi ishirini na anapigwa picha. (Dhahabu za wanawake siziingilii, pambo la kuvaa lina ruhusa yake kwa Imam Shafi, ingawa zile bangili zilizofungiwa kabatini tangu harusi mwenyewe ajiulize.)

Sasa hebu niwape kisa, maana bila hicho mtaona nawahubiria tu.

Babu yangu alikuwa na mikarafuu Mtambwe, si mingi, na alikuwa na pishi ya bati iliyobonyea ubavu mmoja. Pishi moja vibaba vinne, na ilikuwa na kazi mbili. Msimu wa karafuu jioni wachumaji wanakaa uwanjani na karabai wanachambua, makonyo (vile vikonyo vyake) huku karafuu huku, halafu ndo wanapimiwa, kila pishi na ujira wake. Babu anasimama juu yao. Pishi inajazwa mpaka ifanye kichuguu, na zinazoporomoka pembeni hazina hesabu, zinazolewa zinatiwa kwenye jamvi la babu. Halafu ikija Idi pishi ileile inatolewa chini ya kitanda, inapanguswa, inapimiwa mchele wa fitri. Hapo babu anapitisha kiganja juu, fyuu, mchele unakaa sawa na mdomo, hata punje haizidi.

Mie nilikuwa na miaka 11, chuoni, yaani madrasa, tuko Juzuu Amma, na tumeshahifadhi Waylul-lil-mutaffifin, ole wao wanaopunja, wale ambao wakijipimia kwa watu wanataka kamili na wakiwapimia wao wanapunguza. Mwalimu kashatufasiria. Nikamuuliza babu, mbona karafuu ina kichuguu na mchele hauna? Akaniangalia kwa muda. Akasema "Karafuu mbichi hunywea ikipigwa na jua." Basi. Na kweli hunywea, na kweli pishi ya fitri sheria yake ni sawa na mdomo, haidai kichuguu. Mpaka leo sijui kama nilijibiwa.

Mwaka ule mchumaji wake mmoja alianguka. Mkarafuu tawi lake halipindi, likichoka linakatika tu, na yeye alikuwa juu kabisa. Akavunjika nyonga, hakutembea tena vizuri. Simtaji jina, wanawe wapo. Msimu uliofuata babu kauza, kaja na pesa kwenye kitambaa, kamwita mwalimu wa chuo barazani kamuuliza karafuu zina zaka? Mwalimu akamwambia kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi zaka ya mazao ni ya chakula kinachowekeka, mpunga, mtama, mahindi, na kifike wasaki tano, yaani pishi 300, ndo utoe moja ya kumi kama kimeota kwa mvua au nusu ya hiyo kama umemwagilia. Karafuu si chakula. Pesa yake ikifika kiwango na ikapitiwa na mwaka, hapo itatolewa kama pesa. Mahanafi, wale wa Imam Abu Hanifa, wanatoa kwenye karibu kila kinachoota, lakini sie hatumo huko.

Babu akasema, "Kwa hivyo muhogo wa jirani na karafuu zangu hukumu moja?" Mwalimu akacheka, akanywa kahawa yake. (Imam Shafi mwenyewe kafariki Misri mwaka 820, na mikarafuu imekuja kupandwa visiwani kwetu karne ya 19, enzi za Sultani Seyyid Said. Simlaumu Imam wa watu kwa hesabu za Mtambwe.)

Usiku ule baada ya Isha babu akanipa karatasi imekunjwa, pesa ndani, nipeleke kwa yule mchumaji. Hakuniambia neno jengine. Njia yote ni migomba na giza, nimekwenda mbio. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Yuko kitandani kajiegemeza ukutani, kibatari pembeni. Akaifungua karatasi, akahesabu, akaikunja vilevile ilivyokuja, hakuitia mfukoni. Akaniuliza:

"Babu yako kasemaje? Hii ni zaka au ni ya mguu?"

Sikufahamu. Akanifafanulia polepole kama mtu anaefundisha mtoto kusoma. "Kama zaka, mie masikini, ni haki yangu, nishaandikiwa na Mungu. Kama ya mguu, irejeshe. Mguu wangu hatukukubaliana bei."

Mie nilichofikiria ni ile migomba. Nikamwambia zaka. Akasema Alhamdulillah, akaitia chini ya godoro, akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya.

Nimefika nyumbani nikamwambia babu, kauliza nikamwambia ni zaka. Akasema, "Umemwambia hivo?" Akaendelea kuvuta tasbihi yake, na hatukulizungumza tena mpaka anafariki. Na msije mkadhani alibadilika, msimu uliofuata kichuguu kilikuwa palepale juu ya pishi.

Nilipokua nilimuuliza sheikh mmoja. Akanambia niya ni ya mtoaji, aliyetumwa hafanyi kitu kuwa zaka kwa ulimi wake, na isitoshe si sharti kumwambia anaepokea kwamba hii ni zaka, wengine wanaona kunyamaza ndo bora usimvunjie mtu heshima. Kwa hivo kisheria sina neno. Lakini ile pesa ilikuwa nini mie sijui, na aliyejua keshakufa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumaliza kwa kusema zaka isiachiwe mtu na nafsi yake, ikusanywe. Kamisheni ya Wakfu ya Zanzibar ipo, na kwenye yale mafungu manane ya Suratut-Tawba wamo na wanaozitumikia, yaani wakusanyaji wana fungu lao ndani ya Qur'ani, si jambo la kuzua. Bado naona hivo kwa wale wa nyumba tatu. Na yule mchumaji nae angepewa kwa karani, angetia saini, asingelazimika kumhoji mtoto usiku. Ila babu nae angekatwa pesa yake akalala usingizi, asingeinuka kwenda chini ya kitanda kutafuta karatasi. Hapo ndo naanza kulegea, sijui, labda viwepo vyote viwili, kila mtu na hali yake, na mie si mwanachuoni.

Mnataka jibu la swali lenu lakini. Basi niandikeni alfajiri, na mie ni wale wale, blanketi linanishinda. Zaka kuitoa haikunichukua dakika mbili. Ramadhani ilopita nilipiga hesabu, nikakuta nimevuka kiwango kidogo, nikamtumia shangazi yangu kwa simu, mjane, hana mtu. Baada ya muda ukaja ujumbe: "Mwanangu nimeona pesa, za nini hizi?"

Nikaandika zaka, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikamwambia za futari.

Akajibu, "Allah akuzidishie. Futari gani ya pesa zote hizi?"