Kwotabeki akishaumia shingo, hurudi?

SWALI: Shikamoo Babu. Mwanangu anacheza mpira wa Kimarekani shuleni. Anasema kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) mwenye umri mkubwa akishafanyiwa upasuaji wa shingo, basi tena. Ni kweli? – Mama wa mchezaji, Columbus, Ohio

JIBU: Marahaba mama. Mwambie aitafute mechi ya Denver Broncos na Pittsburgh Steelers, 9 Septemba 2012. Kwotabeki Peyton Manning, miaka 36, alikuwa ameukosa msimu wote wa 2011 kwa sababu ya upasuaji wa shingo, na Indianapolis Colts wakamwacha. Ile ndiyo mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na Denver.

Steelers walikaa sana na mpira. Robo ya tatu, Manning akampa mwenzake Demaryius Thomas pasi fupi ya pembeni. Jamaa akatimka yadi 71, tachidauni (bao)! Pasi ya 400 ya tachidauni kwa Manning. Akamaliza na pasi 19 kati ya 26, yadi 253. Tracy Porter, beki wa Denver, akanasa pasi ya Roethlisberger, kwotabeki wa Steelers, akakimbia nayo yadi 43 hadi mwisho: Denver wakashinda 31–19.

Mkono haukuwa ule wa Indianapolis, tusidanganyane. Lakini hakuwapa Steelers nafasi ya kupumua: wenzake hawakukusanyika kupanga, yeye akawapangia palepale kwenye mstari wa kuanzia mchezo, kwa kelele na vidole. Mimi hapo ndipo napopapenda.

Ila kama kijana wako ndiye mwenye maumivu ya shingo, mama, mpeleke kwa daktari kwanza.